Lengelenge la hewa pafuni: shilingi ya kwanza iende wapi?

Kijana wa Ruiru anaweza kufika miaka 25 bila kifua chake kupigwa eksirei hata mara moja. Siku anayosimama mbele ya mashine huwa siku ya matumaini: amepata kazi Ghuba, na eksirei ya kifua ni mojawapo ya vipimo vya afya anavyotakiwa kufanya kabla ya viza. Hakohoi, hana homa, Jumapili alicheza mpira dakika tisini. Majibu yanarudi na neno ambalo hajawahi kulisikia: bula. Jioni nyumbani mama anauliza maswali mawili kwa pumzi moja. Huo ni ugonjwa gani? Na utatugharimu pesa ngapi?

Nimeyashika maswali hayo mawili pamoja, kwa sababu la pili halijibiki kabla ya la kwanza. Nikiandika, nawawaza watu watatu ambao unaweza kuwakuta katika mtaa wowote kati ya Githurai na Makongeni. Wa kwanza ni kijana huyo asiyeumwa popote. Wa pili ni mwenzake, mrefu mwembamba, ambaye pafu lake limevuja ghafla akiwa kazini. Wa tatu ni mama au mzee aliyevuta moshi miaka arobaini, wa sigara au wa kuni, na sasa hawezi kufika ghorofa ya pili bila kusimama njiani. Wote watatu wana malengelenge ya hewa mapafuni, lakini bili zao hazifanani na hazipaswi kufanana. Anayeumia mfukoni ni yule anayelipia tiba iliyomfaa mwenzake.

Ni kitu gani hasa

Pafu limejengwa kwa mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Kuta nyembamba za vifuko hivyo ndizo mlango wa oksijeni kuingia kwenye damu. Kuta zikiliwa, vifuko jirani huungana na kuwa kimoja kikubwa. Kikipita kipenyo cha sentimita 1, madaktari hukiita bula. Lengelenge la kiatu kibaya hujaa maji. Hili limejaa hewa isiyofanya kazi yoyote.

Hewa hiyo inakaa mahali. Ni kama abiria aliyeweka gunia kwenye kiti cha matatu: gunia halilipi nauli, na mwenye kulipa anasimama. Bula ikikua hadi kuchukua theluthi ya upande mmoja wa kifua au zaidi huitwa bula kubwa mno, na pafu lenye afya lililo pembeni yake hubanwa lisiweze kujaa.

Jambo moja nataka lieleweke kabla hujatoa senti. Hakuna kidonge, sindano wala mizizi ya kuchemsha inayoweza kulifuta lengelenge hili. Kuta zilizoliwa hazioti tena. Anayekuuzia chupa ya kusafisha mapafu, awe sokoni Madaraka pale Thika au kwenye simu yako, anakuuzia kitu kisichokuwepo. Pesa hizo zina kazi nyingine, na nitaionyesha.

Linatoka wapi

Chanzo kikuu ni sigara. Moshi wake huamsha vimeng'enya vinavyokula kuta za vifuko, na uharibifu huo ndio ugonjwa uitwao emfisema. Thika inaijua tumbaku kwa karibu kuliko miji mingi ya Kenya, kwa kuwa kiwanda cha kampuni ya BAT cha kuchambua majani ya tumbaku kiko hapo. Bhangi nayo imo: huvutwa kwa kina na kushikiliwa kifuani, na madaktari wamewaona vijana wenye bula kubwa sehemu za juu za mapafu baada ya miaka ya kuivuta.

Wengi wa mama zetu hawajawahi kushika sigara. Moshi wao ni wa kuni na makaa ndani ya jikoni isiyo na dirisha, na mapafu hayaulizi moshi umetoka wapi. Mchoma nyama anayesimama juu ya makaa ya Kamakis kila jioni anavuta moshi uleule. Kuna pia vumbi la mawe, ambalo mafundi wa machimbo ya Ndarugo na Juja hulivuta kila siku, mara nyingi bila kufunika pua.

Chanzo kingine ni kifua kikuu cha zamani. Mtu alitibiwa akapona, lakini kovu lilibaki, na pembeni mwa kovu hewa hunasa. Nimonia inayowapata watu wenye virusi vya ukimwi wasiotumia dawa huacha matundu ya namna hiyo pia. Mwisho kuna maumbile: vijana wa kiume warefu na wembamba hupata malengelenge madogo kwenye ncha za juu za mapafu, na wachache huzaliwa na kasoro za nyuzi za mwili au upungufu wa kinga ya mapafu unaotembea katika ukoo. Kama ndugu wawili wa familia moja wamewahi kuvuja pafu, mwambie daktari.

Shilingi ya kwanza: picha

Hapa ndipo familia nyingi hukosea mpangilio. Huanza na dawa za kikohozi, hufuata antibiotiki, kisha pampu ya pumu, na picha huja mwisho pesa zikiwa zimekwisha. Igeuzeni foleni hiyo.

Eksirei ya kawaida ni nafuu na iko karibu, katika hospitali za umma za Ruiru na Thika na katika vituo vingi vya kibinafsi. Inatosha kuonyesha kwamba kuna tatizo. Udhaifu wake ni kwamba bula kubwa na pafu lililovuja vinaweza kufanana sana kwenye filamu: vyote viwili ni eneo jeusi lisilo na michirizi ya pafu. CT scan huvitenganisha. Huonyesha bula ni ngapi, ziko wapi, na pafu lililobaki lina afya gani.

Tofauti hiyo ina bei. Mgonjwa mwenye bula kubwa akidhaniwa kuwa pafu limevuja, anaweza kuwekewa mrija wa kifuani usiohitajika. Mrija ukilitoboa lengelenge lenyewe, hewa huanza kuvuja kweli, na uvujaji huo unaweza kugoma kufunga kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa akiwa ametulia na filamu ina utata, swali la kumuuliza daktari kwa heshima ni hili: "Daktari, tunaweza kuhakikisha kwa CT kabla ya mrija?" Akiwa anazidiwa, midomo imebadilika rangi na shinikizo la damu linashuka, usiulize chochote. Hapo dakika ndizo zinazookoa, na daktari hapaswi kungoja picha.

Unaweza kuokoa pesa kwenye CT yenyewe. Kwa kutafuta bula, CT ya kifua bila dawa ya kudungwa mshipani kwa kawaida inatosha. Dawa hiyo huongeza bili na huhitaji kupima figo kwanza. Uliza kama kweli inahitajika. CT imo kwenye huduma za picha zinazolipiwa na bima ya SHA, lakini hospitali lazima iombe idhini kabla, si baada. Ukienda moja kwa moja kituo cha kibinafsi na kulipa taslimu, pesa hizo hazirudi.

Vipimo viwili vidogo viende sambamba na picha. Kimoja ni cha makohozi kwa kifua kikuu, ambacho hospitali za umma hufanya bure, na dawa zake pia ni bure. Kingine ni spiromita, ile mashine unayoipulizia kwa nguvu zako zote ili ipime hewa inatoka kwa kasi gani. Namba hiyo humsaidia daktari kuamua kama upasuaji unafaa.

Mtu wa kwanza: bula bila dalili

Huyu ndiye kijana wetu wa Ghuba, na bili yake ya tiba kwa kawaida ni ndogo kuliko zote. Bula ndogo isiyosumbua haipasuliwi. Huangaliwa kwa picha nyingine daktari atakapopanga, na mwenyewe huishi maisha yake akiwa na masharti machache.

Sharti la kwanza ni kuacha moshi. Tufanye hesabu. Tuseme sigara moja inauzwa shilingi 20 na unavuta tano kwa siku. Hiyo ni shilingi 100 kwa siku na 36,500 kwa mwaka. Mchango wa chini wa SHA kwa mwaka mzima ni shilingi 3,600. Pesa ya sigara ya mwaka mmoja ingeilipia kaya bima ya miaka kumi, na chenji ya shilingi 500 ikabaki.

Sharti la pili ni safari. Ndani ya ndege shinikizo la hewa huwekwa sawa na la mahali palipo hadi mita 2,400 juu ya bahari, juu kidogo ya Limuru, na hewa iliyonaswa ndani ya bula hutanuka. Wengi wenye bula ndogo husafiri salama, lakini mwenye bula kubwa aulize kabla ya kukata tiketi. Aliyevuja pafu asubiri angalau siku 7 baada ya eksirei kuthibitisha kwamba pafu limejaa tena. Kupiga mbizi baharini kwa mitungi ya hewa aachane nako, kwa maana pafu likipasuka chini ya maji hakuna msaada wa karibu.

Kuhusu kazi ya Ghuba: uamuzi wa mwajiri haumo mikononi mwako, lakini kukimbilia upasuaji ili picha iwe safi ni kununua hatari kubwa kwa ajili ya fomu. Omba ripoti ya mtaalamu wa mapafu inayoeleza ukubwa wa bula na kwamba huna kifua kikuu. Ripoti ni nafuu mara nyingi kuliko kisu.

Mtu wa pili: pafu limevuja

Maumivu makali huja upande mmoja wa kifua, ghafla kama umechomwa, na pumzi inakuwa fupi. Lengelenge limepasuka, hewa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu limesinyaa. Hii ni dharura. Nenda hospitali iliyo karibu zaidi, ya umma au ya kibinafsi. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Dai la malipo ya mbele haliwezi kutangulia kuokoa uhai. Sema hivyo kwa sauti ya utulivu, na mtu wenu mmoja aandike saa mliyofika.

Baada ya hatari ya kwanza kupita, machaguo ni manne, na gharama hupanda kadiri unavyoshuka orodha:

1. Kuangaliwa tu, pamoja na dawa ya maumivu na eksirei za kurudia.
2. Kuvuta hewa kwa sindano, kisha kurudi nyumbani mapema.
3. Mrija wa kifuani uliounganishwa na chupa yenye maji, ambapo viputo huonyesha kama pafu bado linavuja.
4. Upasuaji wa kukata lengelenge na kulibandika pafu kwenye ukuta wa kifua lisisinyae tena.

Chaguo la kwanza huwashtua watu, lakini lina ushahidi. Mwaka 2020 madaktari wa Australia na New Zealand walichapisha matokeo ya wagonjwa 316 wa umri wa miaka 14 hadi 50, ambao pafu lao lilivuja kwa mara ya kwanza bila ugonjwa mwingine wa mapafu. Nusu walitibiwa kwa mrija. Nusu waliachwa chini ya uangalizi maadamu walikuwa wametulia. Ndani ya wiki 8, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walioachwa walikuwa na mapafu yaliyojaa tena yenyewe. Waliotibiwa kwa mrija ndio waliovuja tena zaidi katika mwaka uliofuata. Njia hiyo inamfaa kijana asiyehema, anayeishi karibu na hospitali na ana mtu wa kulala naye nyumba moja. Haimfai mzee mwenye emfisema, ambaye hana pumzi ya akiba.

Sasa tazama mrija unavyolipwa. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, viwango vyake vya kitanda kwa siku viliwekwa shilingi 3,360 kwa hospitali za Level 4, shilingi 3,920 kwa Level 5 na shilingi 4,480 kwa Level 6. Siku 5 za mrija pale Thika Level 5 ni shilingi 19,600 ambazo SHA huilipa hospitali. Uvujaji ukigoma na siku zikawa 14, ni shilingi 54,880. Mgonjwa akiishia ICU, kiwango cha SHA ni shilingi 28,000 kwa siku: siku moja ya ICU inazidi wiki nzima ya wodi Level 5. Katika hospitali ya kibinafsi inayotoza zaidi ya viwango hivyo, tofauti yote ni yako. Ndiyo maana picha iliyozuia mrija usiofaa ndiyo shilingi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Miongoni mwa waliovuja mara moja, kwa wastani mmoja kati ya watatu huvuja tena. Kwa hiyo upasuaji hushauriwa hasa baada ya mara ya pili, au uvujaji wa kwanza unapokataa kufunga, au pande zote mbili zinapovuja. Baada ya upasuaji, wanaovuja tena ni wachache kwa mia.

Kisu: kipi, wapi, na nini cha kuuliza

Kuna njia mbili. Ya zamani hufungua kifua kwa mkato mrefu kati ya mbavu. Ya kisasa hupitisha kamera na vyombo kwenye matundu mawili au matatu. Ya kamera huumiza kidogo ukilinganisha na mkato, na mgonjwa hurudi kazini mapema. Lakini hutegemea stepla maalumu zinazokata na kushona pafu kwa pamoja, na katriji zake hutumika mara moja na kutupwa. Kila katriji ni mstari mwingine kwenye bili. Mkato wazi una siku nyingi za kitanda na maumivu zaidi, ila daktari anaweza kushona kwa mkono. Usilinganishe bei za chumba cha upasuaji peke yake. Jumlisha siku za kitanda na siku ambazo hutafanya kazi. Mwendesha bodaboda akikaa nyumbani mwezi mzima zaidi, mkato uliokuwa nafuu umeshakuwa ghali.

Ruiru na Thika zina hospitali za kukuhudumia kwa dharura, picha na mrija. Upasuaji wa kifua kwa kawaida unahitaji kufuata barabara kuu ya Thika kuelekea Nairobi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019 karibu na Kahawa, ndiyo Level 6 iliyo jirani zaidi na Ruiru. Hospitali Kuu ya Kenyatta ina kitengo cha miaka mingi cha moyo na kifua, na foleni yake ni ndefu. Hospitali kubwa za kibinafsi za Nairobi zina foleni fupi na bili ndefu. Nenda na barua ya rufaa kutoka hospitali yako, kwa sababu bila barua hiyo unaanza upya kama mgeni.

Usisahau migomo. Madaktari wa Kaunti ya Kiambu waligoma mwaka 2025 kwa karibu miezi mitano, kuanzia Mei hadi Oktoba. Mwenye ugonjwa sugu anahitaji kujua mapema hospitali yake ya pili ni ipi.

Kabla ya kutia saini popote, omba makadirio yaliyoandikwa, na uyasome ukitafuta majibu ya haya:

- Malipo ya daktari wa upasuaji na ya daktari wa usingizi yamo, au yatakuja kivyake?
- Ni katriji ngapi za stepla zimehesabiwa?
- Ni siku ngapi za kitanda, na kila siku inayozidi ni shilingi ngapi?
- ICU ikihitajika, bei ya siku ni ipi?
- SHA imeidhinisha kiasi gani, kwa maandishi?
- Jina la daktari limo kwenye rejista ya baraza la madaktari, KMPDC?

Familia nyingine hufikiria India. Upasuaji huu unafanyika hapa Kenya, na kwa ugonjwa huu safari yenyewe inaweza kuwa hatari, kwa sababu shinikizo dogo la hewa ndani ya ndege hulitanua lengelenge. Pesa za tiketi mbili na hoteli zina kazi bora nyumbani.

Mtu wa tatu: aliyechakazwa na moshi

Mama yetu wa kuni na mzee wetu wa sigara wana emfisema iliyoenea. Huyu ndiye anayeshawishiwa kwa urahisi kwamba kisu kitampa pumzi mpya, na ndiye anayehitaji ukweli zaidi. Upasuaji humsaidia mwenye bula moja au mbili kubwa zinazobana pafu lenye afya. Ambaye pafu lote limetoboka kama wavu hana kilichobanwa cha kuachiliwa, na hatari ya kufa mezani ni kubwa. CT na spiromita ndizo zinazosema wewe ni yupi kati ya hao wawili. Na hakuna daktari makini atakayempasua mtu ambaye bado anavuta.

Tiba yake ni ya kila siku, kwa hiyo pima bei kwa siku. Pampu ya salbutamol yenye mipulizo 200, ukitumia minne kwa siku, inadumu siku 50. Pampu ya muda mrefu yenye dozi 30, inayovutwa mara moja kwa siku, inadumu siku 30. Gawanya bei kwa siku ndipo ulinganishe. Kisha hakikisha dawa inafika mapafuni, kwa sababu nyingi huishia kooni. Chombo cha kupitishia dawa kinasaidia, na si lazima kiwe cha dukani: utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kulingana na mdomo wa pampu na kuzibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Oksijeni ya nyumbani ni ya yule tu ambaye vipimo vimeonyesha upungufu wa kudumu, na ili imfae inahitaji saa 15 au zaidi kwa siku. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukifunguliwa lita 2 kwa dakika, unakwisha baada ya saa 56 na dakika 40. Kwa saa 15 kwa siku, siku nne hazitimii. Utajaza mara nane kwa mwezi. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani hula stima ya takriban wati 350. Kwa saa 15 ni uniti 5.25 kwa siku, karibu 158 kwa mwezi. Tuseme uniti ni shilingi 28: ni kama shilingi 4,400 za tokeni. Chukua bei ya kujaza mtungi mahali pako, zidisha kwa nane, kisha linganisha. Kwa anayehitaji oksijeni miezi mingi, mashine kwa kawaida hushinda, mradi abaki na mtungi mdogo wa siku stima inapopotea. Uliza pia kukodisha kabla ya kununua. Na moto wa jiko au sigara usikaribie oksijeni kamwe.

Halafu kuna jikoni. Jiko la makaa la Jikokoa hutengenezwa hapahapa Ruiru na kampuni ya BURN. Watafiti Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifuatilia familia za Nairobi na kukuta kwamba jiko la aina hiyo, la dola 40 hivi, lilipunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 39. Hilo hulipa bei yake ndani ya miezi michache. Walipowarudia baadaye, kikohozi na maumivu ya koo yalikuwa yamepungua, lakini oksijeni ya damu haikuwa imebadilika, kwa sababu saa nyingine zote za siku watu walivuta hewa chafu ya mji. Kwa hiyo nunua jiko bora ili uokoe pesa, na akiba hiyo iwe njia ya kufika kwenye gesi. Kwa mama mwenye bula tayari, ushauri wangu ni mmoja: mtu mwingine apike, au gesi iingie nyumbani mwezi huu.

Bima kabla ya maumivu

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA. Kwa mshahara wa shilingi 30,000 ni shilingi 825 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, kuanzia shilingi 3,600, au kwa vipande kupitia Lipa SHA Pole Pole. Kujiandikisha peke yake kunakupa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Kitanda cha Thika Level 5 kinahitaji mchango uwe umelipwa. Chama chenu kinachochangia mazishi kila mwezi kingeweza kuanza mwaka kwa kuhakikisha kila mwanachama amelipa SHA. Harambee ya hospitali huja wakati mgonjwa ameshalazwa. Mchango wa bima humtangulia mlangoni.

Picha ni mali yako

Umeshalipia eksirei na CT. Usiondoke hospitali bila filamu au diski, na ripoti iliyoandikwa. Piga picha ripoti hiyo kwa simu, umtumie na mtu mmoja wa nyumbani. Hospitali ya pili ikiwa na picha ya kwanza haitakurudisha kwenye mashine bila sababu, na itaona kama lengelenge limekua au limebaki palepale.

Kisha andika mstari mmoja kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho chako: "Nina bula kwenye pafu la kulia," au la kushoto, na tarehe ya CT. Siku utakayoanguka ukihema kwenye steji ya Ruiru na kupelekwa hospitali usiyoijua, wewe hutaweza kuongea. Daktari wa zamu atashika mrija mkono mmoja na eksirei yenye eneo jeusi mkono wa pili. Karatasi hiyo haikugharimu kitu, na ndiyo itakayomwambia asimame kwanza atazame tena.